Bakuli Nililoamuru Lisuguliwe

Vijana, kabla sijaanza, jueni mnamsikiliza nani. Mimi niliacha shule darasa la sita, huko Bungoma, kwa sababu ambazo hazikuhusu akili yangu hata kidogo. Leo nina nyumba ya mawe yenye madirisha makubwa barabarani, na watu wenye digrii hunipigia simu kuniuliza kama chombo walichorithi kwa mzungu ni cha maana au ni cha kutupa. Katika madereva wote wa Kiafrika waliopita Jidda miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, tulipokuwa tunamiminika huko kama maji, sijasikia mwingine aliyeweza kuchukua sahani ya Kifaransa, akaigeuza, akaisoma mgongoni, akakwambia ilitoka mji gani na kama fundi wake alikuwa mwaminifu. Mimi niliweza. Na nilijifunza ndani ya gari.

Najua wengi wenu mna pasipoti mpya na mnangoja ajenti apige simu. Mambo ya ikama, kile kibali cha kukaa, na kafili, yule mwajiri anayekudhamini, mtaambiwa na kila mtu, hata na wale ambao hawajawahi kuvuka Namanga. Mimi nitawaambia habari za vyombo. Vyombo ndivyo vilivyonitoa kwenye usukani mtupu nikawa mtu. Tena ni hivyo hivyo vilivyonifanya mpaka leo, nikiwa na mvi hizi, nikisikia mtu anakwangua sufuria nje, niondoke nikakae upande mwingine wa nyumba.

Nianze na bati lenyewe. Waingereza huliita pyuta, Wafaransa etani. Ni bati lililochanganywa na shaba kidogo, na zamani, mafundi wabaya walitia madini ya risasi kwa wingi ili wapate faida. Kwa Wafaransa wa kale, tajiri alikula kwenye fedha, maskini kwenye mti na udongo, na mtu wa katikati, mwenye duka au shamba zuri, alikula kwenye bati. Sahani, vikombe, majagi, bakuli za mchuzi. Rangi yake ni ya wingu lililobeba mvua. Mara ya kwanza kuviona nilivicheka. Bosi wangu, mzee mpole wa mtaa wa Al-Nuzha aliyesoma Ufaransa ujanani, alinipa sanduku nilibebe toka garini, nikachungulia nikaona sahani nyeusinyeusi. Nikamwambia mlinzi wa jirani, Mkenya mwenzangu, "Huyu tajiri mzima anakusanya sufuria zilizoungua."

Mlinzi akasema, "Labda ndizo zilizompa utajiri."

Tulicheka. Mimi huwa nacheka kabla ya kuuliza, na hiyo ni tabia ambayo ilipaswa kunitoka mapema.

Jina langu ni Wafula. Bosi ulimi ulimshinda akaniita Wafa, ambalo kwao maana yake ni uaminifu, na mara nyingi ni jina la kike. Madereva wa mtaa walifurahia sana hiyo sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza nitaifikia.

Bosi alikuwa na kazi Riyadh, kwa hiyo mara mbili kwa mwezi tulikata jangwa, mwendo wa siku nzima. Hakupenda ndege kwa sababu ndegeni angekosa wa kumhubiria. Alikaa nyuma na sahani mapajani, na mimi nikasoma bila kalamu. Kiarabu changu pia nilikipata humo humo. Baada ya miaka miwili nilikuwa nakizungumza kama wakili, na sisemi hivi kujisifu, waulizeni walionisikia.

Somo la kwanza lilinipa aibu ndogo, ile ya kuchekesha. Tulikwenda Riyadh kwenye kijiji kimoja cha wageni wa kizungu, ndani ya ukuta, ambako familia ya Kifaransa ilikuwa inarudi kwao na inauza vitu. Vyombo vya bati vilijaa meza. Bosi akasema, "Wafa, nichagulie sita, nione umejifunza nini." Nikavigeuza kimoja kimoja. Vingine vilikuwa na alama zilizofifia, vidoa tu. Lakini vingine, mashallah, vilikuwa na chapa safi inayosomeka hata kwa mtu wa darasa la sita: asilimia tisini na tano. Nikafikiri, hapa ndipo penyewe. Tisini na tano kwa mia! Kwetu shuleni mtoto akipata hivyo anabebwa juu juu. Nikapanga sita mbele ya bosi, kifua mbele.

Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Wafa," akasema, "hizi zimezaliwa baada yangu mimi. Fundi wa zamani hakuandika asilimia. Hii ni ya kiwandani, ya watalii." Yule mama wa Kifaransa naye akacheka, kwa adabu.

Hilo likarudi kwa njia nyingine. Vyombo vya zamani vya Ufaransa huwa na herufi chini ya taji. Kuna C, kuna F. Bosi aliponiambia nipange kabati, niliweka zenye C rafu ya juu na zenye F chini kabisa, karibu na viatu, maana kwa Mkenya aliyewahi kubeba ripoti ya shule nyumbani, F ni kiboko. Kumbe kwao F ndiyo bati safi, na C ni bati la kawaida, lenye risasi zaidi. Kwa wiki nzima wageni wa bosi walikuwa wanapiga magoti kutazama vyombo bora.

Basi niwape elimu, na hii msiilipie. Chapa ya kweli ilipigwa kwa nyundo. Pitisha ukucha: kingo zake zinakwaruza, na bati pembeni limeinuka kidogo, kama udongo kando ya mguu wa ng'ombe. Chapa ya bandia ilimiminwa pamoja na sahani kwenye kalibu, na kingo zake ni laini kama sabuni iliyolowa. Tazama katikati ya sahani. Sahani iliyoliwa miaka mia ina mikato ya visu inayokwenda huku na huku, kwa sababu watu walikula wakigombana, wakicheka, wa mkono wa kulia na wa kushoto. Ukiona mikato yote imelala upande mmoja, huyo ni mtu mmoja aliyekaa na kisu na haraka zake. Igonge kwa ukucha. Bati zuri linaitika, bati la risasi linasema du, basi. Isugue kidogo kwenye karatasi nyeupe, ikiacha mstari wa kijivu ujue risasi ni nyingi, usimwekee mtoto chakula humo. Moto usiisogelee, inayeyuka upesi kuliko unavyodhani. Niliona jagi zima likilala chini kama mlevi kwa sababu liliwekwa pembeni ya jiko la gesi.

Na ngozi. Ile rangi ya wingu ndiyo ngozi ya chombo. Inajengwa na hewa na mikono ya watu, taratibu, kwa miaka mingi kuliko umri wa mtu. Vumbi utalifuta kwa kitambaa kikavu. Mafuta utayaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Ngozi haiguswi. Bosi aliniambia hivyo mara ngapi? Mara zaidi ya vidole vyangu vyote. Nilijua. Shikeni hapo, vijana: nilijua.

Katika vyombo vyote alipenda kimoja. Lilikuwa bakuli dogo lenye kifuniko na masikio mawili bapa pembeni. Zamani huko Ufaransa mwanamke akijifungua, aliletewa supu kitandani ndani ya bakuli la namna hiyo. Mara ya kwanza kuelezwa nilisema, "Kwetu ni uji, na bakuli ni lolote." Bosi alilinunua bintiye wa kwanza alipozaliwa. Ndani, chini kabisa, palikuwa na waridi lenye taji juu yake na jina la fundi kuzunguka, limepigwa hafifu. Ilibidi uinamishe bakuli dirishani ndipo ulione, na bosi kila akiliona alitabasamu kama mtu aliyesalimiwa.

Sasa nimlete Felista.

Felista alikuwa Mkamba, miaka ishirini na kitu, alikuja kufanya kazi za ndani. Al-Nuzha haikuwa nyumba yake ya kwanza. Nyumba ya kwanza ilikuwa Riyadh, na huko alilala kwenye chumba cha kufulia, chini ya nguo zinazodondoka maji, mlango ukifungwa kwa nje. Simu alinyang'anywa. Aliugua, wakamrudisha ofisini kwa ajenti, na ofisi ikamleta kwetu, kwa madam, mke wa bosi. Madam alikuwa mama wa haki lakini mwepesi wa wasiwasi. Siku ya kwanza alimwambia Felista, kupitia kinywa changu, "Hapa utakuwa na chumba na simu yako. Lakini kosa kubwa moja tu, unarudi ofisini." Kurudi ofisini maana yake ni kuketi kwenye benchi mpaka mtu yeyote aje akuchague. Mtu yeyote. Felista alilijua hilo kuliko mimi.

Chumba chake kilikuwa na dirisha. Kila asubuhi nikiwa naosha gari nilimwona analifungua kabla hajafunga kilemba, anatoa mkono nje, anaurudisha. Niliwahi kumtania, "Unampungia nani?"

"Nahakikisha tu linafunguka, kaka," akasema.

Hakujua Kiarabu. Alikuwa na yalla ya kuharakisha, mafi ya hakuna, halas ya kumaliza, na maneno ya jikoni. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake na masikio yake, na, niwe mkweli, nilifurahia. Madam akisema maneno matano, mimi nilitoa thelathini. Siku moja madam alisema wali upunguzwe chumvi. Nikamgeukia Felista: "Madam anasema chumvi imezidi, na mimi kwa upande wangu nimeona tangu Jumanne, ila nilikunyamazia kwa sababu wewe ni dada yangu. Sasa upunguze, na pia uangalie mchuzi."

Felista akanitazama. "Kwani madam amesema hayo yote? Mbona mdomo wake ulifunguka mara moja?"

"Kiarabu ni lugha iliyobanwa," nikamjibu.

"Basi iache ikiwa imebanwa hivyo hivyo, usiifungue."

Alikuwa na ulimi, yule. Na alikuwa na mikono. Sufuria za jikoni alizisugua mpaka ukajiona na meno yako. Mnajua kwetu: mwanamke husifiwa kwa sufuria zake, zinaanikwa nje juani makalio juu, ili anayepita njiani aone hii nyumba ina mtu. Madam aliita majirani kuja kuzitazama.

Siku yenyewe ilifika hivi. Mkusanyaji mmoja mkubwa wa Riyadh, ambaye bosi alimheshimu sana, alikuwa anakuja kuona vyombo. Bosi alikwenda na mwanawe kumpokea uwanja wa ndege, akaniachia ufunguo wa kabati. "Wafa, panga mezani. Bakuli katikati, sahani kumi na mbili pembeni. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Basi."

Nikapanga. Ilikuwa kama saa saba mchana, jua la Jidda linaingia dirishani bila huruma, na nilipoliona lile bakuli katikati ya kitambaa cheupe nikaona haya. Nasema kweli. Lilionekana chafu. Nikawaza wakwe wanakuja na sufuria zako ni nyeusi. Nikawaza yule mgeni anaingia, anashangaa, na bosi anasema, "Huyu Wafa ndiye aliyeling'arisha." Nilikuwa nimekaa zaidi ya miaka miwili nikimsikia bosi akisifu vyombo, sasa nilitaka sifa moja iwe yangu. Elimu yote ile ya ngozi, iliniruka kichwani kama ndege.

Nikamwita Felista. Akaja anajifuta mikono.

"Lete ile waya yako ya kusugulia. Na limau."

Akatazama meza. "Kwa hizi? Kaka, bosi si alisema hizi haziguswi?"

"Zisiguswe na asiyejua. Mimi najua."

"Wewe mwenyewe ulinitafsiria. Ulisema nisiziguse hata kwa kitambaa."

"Felista, nani mtaalamu wa bati hapa, mimi au wewe?"

"Wewe."

"Nani anakwenda Riyadh na bosi kununua?"

"Wewe, kaka. Lakini kukiharibika?"

"Kukiharibika niko hapa," nikasema. "Sugua mpaka nione meno yangu."

Akalichukua. Alianza taratibu, akinitazama kila mara. Nikamwambia aongeze nguvu. Aliweka limau, akakaza waya, akaingia mpaka ndani, mpaka chini. Nikasimama pale kama msimamizi wa barabara. Likatoka jeupe, jeupe kama sufuria ya dukani. Nikapiga makofi. Tulitaka kuendelea na sahani, ila gari likapiga honi langoni, nikamwambia akimbie jikoni.

Mgeni aliingia na bosi. Alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli, kama watu hawa wafanyavyo. Akalishika kwa masikio yake mawili, akafunua kifuniko, akaliinamisha dirishani kutafuta waridi. Akaligeuza tena. Akapitisha ukucha. Kisha akaliweka chini polepole sana, kama mtu anayeweka kitu kwenye jeneza, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba angependa kahawa. Sahani hakuzigusa. Aliongea habari za hali ya hewa ya Riyadh.

Nilisimama mlangoni na birika la kahawa, na ndipo ile elimu ikarudi yote kwa pamoja. Niliona nilichofanya. Nilipoinama kumimina kahawa nikaliona waridi limebaki kivuli, kama alama ya kidole kwenye kioo.

Mgeni alipoondoka, bosi na madam wakaja jikoni. Bosi alikuwa amelishika bakuli kwa mikono miwili. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akauliza, "Nani?"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Felista alikuwa kwenye sinki. Hakuelewa neno ila alielewa bakuli. Akasema kwa Kiswahili, bila hofu, "Mwambie, kaka. Mwambie ni mimi niliyesugua, lakini wewe ndiye uliniambia. Mwambie nilikuuliza kwanza."

Bosi akanitazama. "Anasema nini?"

Vijana, mtu anadhani uongo mkubwa unahitaji mipango. Mimi sikupanga. Nilifungua mdomo tu, na Kiarabu changu kizuri, kile cha wakili, kikatoka chenyewe: "Anasema aliona ni chafu, akasugua. Anasema hakujua. Anaomba msamaha."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Naosha gari, baba."

Felista alikuwa ananitazama mdomo. Aliponiona nimemaliza aliuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Madam akatupa kitambaa mezani. "Halas," akasema, na kutoka. Bosi akamfuata.

Hilo neno Felista alilijua. Kwake lilikuwa neno la jikoni, la mwisho wa kazi: vyombo vimekwisha, halas, kapumzike. Akashusha pumzi, mabega yakalegea. Akanigusa mkono kwa vidole vilivyonuka limau.

"Asante, kaka," akasema. "Si kila mwanaume angesema."

Nilikwenda kuosha gari. Lilikuwa safi.

Asubuhi yake begi la Felista lilikuwa mlangoni, madam alikuwa amelifunga mwenyewe. Na nani wa kumpeleka ofisini? Dereva wa nyumba. Ofisi yenyewe ilikuwa upande wa Sharafiya, juu ya maduka ya simu. Alikaa nyuma. Tukapita taa za kwanza. Sikuwa na ujasiri wa kutazama kioo.

"Kaka."

"Naam."

"Jana ulitaja jina lako? Maana jina lako nalijua kwa Kiarabu. Wanakuita Wafa. Nilikuwa nalingoja nilisikie, sikulisikia."

Nikamwambia, "Lugha yao haitaji majina namna hiyo."

Aligeukia dirisha la gari. Sharafiya ilikuwa imejaa, mabasi yameziba njia, watu wamepanga foleni kutuma pesa kwao. Niliegesha, nikatoa begi lake, nikataka kulibeba juu. Akalishika mpini. Tulivutana kidogo, mimi na yeye, pale kando ya barabara, watu wanatupita. Hakuwa analia. Alinitazama kama unavyotazama kitu ulichonunua ukakifungua nyumbani.

"Liache," akasema. "Hili nitalibeba mwenyewe."

Akapanda ngazi. Nilimwona mpaka viatu vyake vilipopotea.

Nilikaa kwa bosi miaka minne zaidi. Mngetegemea nimwambie, sivyo? Barabara ya Riyadh ni ndefu, mtu ana muda wa kukiri dhambi za ukoo mzima. Sikumwambia. Alinipandisha cheo, akanipa kabati lote, akawaambia wageni, "Huyu ndiye dereva pekee Jidda anayesoma mihuri ya Ufaransa," na mimi nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Siku moja katikati ya jangwa aliniuliza ghafla, "Yule binti aliyesugua bakuli, alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa mzuri, baba."

"Nilikuwa na hasira," akasema. "Kitu ni kitu. Pengine tulimwonea."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Nilichofanya ni kuongeza kiyoyozi. Mwaka uliofuata mzee akaaga dunia, Mungu amrehemu, akinihesabu miongoni mwa watu wake waaminifu. Nikarudi nyumbani na ujuzi wangu, nikauza vyombo kwa mahoteli na wazungu wa Nairobi, nikajenga. Hayo mnayaona. Kila niliposifiwa, na nimesifiwa sana, nilikuwa naona vidole vyenye limau.

Nilimtafuta. Mwanamke mmoja wa Kikamba aliyekuwa akisuka nywele kule Ghulail, mtaa wa Jidda, alimfahamu, akaniambia amerudi, ana hoteli ya chakula Emali, pale malori yanapolala. Nilikwenda nikiwa nimevaa suti. Msiniulize kwa nini suti. Nilikuwa nimepanga hotuba, na ilikuwa nzuri sana, ilianzia mbali.

Alikuwa anakunja chapati. Amenenepa kidogo, ana miwani. Hakushtuka.

"Wafa," akasema. "Kaa. Chai?"

Akaleta chai. Akaketi mbele yangu, mikono ina unga. Madereva wa malori wanne walikuwa meza ya pili wanabishania mpira. Nikaanza hotuba yangu, nikasema habari za ujana, habari za hofu, jinsi ugeni unavyombadilisha mtu. Akainua mkono.

"Baada yenu nilikwenda nyumba tatu," akasema. "Ya kwanza haikuwa na dirisha. Ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu, yule mama alikuwa mtu. Lakini kila nilipofika, kitu cha kwanza nilijifunza Kiarabu. Usiku na mchana. Nilijiambia sitaweka tena maneno yangu kwenye mdomo wa mtu. Sasa nakijua vizuri, pengine kukushinda."

"Felista, nimekuja kukuomba—"

"Ngoja. Usiniombe kwa Kiswahili. Kiswahili siku ile hakikuwa na shida, mimi nilikisema chote. Nataka nisikie kile Kiarabu chako. Siku ile jikoni, bosi amekuuliza nani. Ulipaswa kujibu nini? Sema vile ungemwambia."

"Sasa hivi? Hapa?"

"Bosi amesimama pale," akasema, akaonyesha mlango wa jikoni yake. "Ana bakuli. Amekuuliza."

Niligeuka nikatazama mlango ule mtupu, mimi na suti yangu. Mimi niliyezungumza mbele ya matajiri wa Riyadh nikaanza kutafuta neno la kwanza. Madereva wa malori wakaacha mpira wao, wakanitazama.

"Mu hiya, baba," nikasema. Si yeye. "Ana." Ni mimi.

Sauti ilinitoka ndogo. Felista alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza kama mtu anayepima kitu sikioni.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Hakuna kingine kinachofuata?"

"Hakuna."

 Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, unga ukaichafua zaidi.

"Kumbe ni fupi hivyo," akasema. "Na mimi miaka yote nilikuwa nakutetea. Nilikuwa nasema labda lilikuwa neno refu, likakushinda."

Akainuka kwenda kugeuza chapati.